Msimu Wetu wa Kwanza Ghalani

Baba alikubali jambo ambalo mimi sikuulizwa. Nilikuwa uani nachekecha unga wa muhogo, nao walikuwa barazani, yeye na afisa utamaduni wa wilaya, kijana aliyehamia Newala kutoka Singida na ambaye bado alikuwa akilalamikia ukungu wetu wa asubuhi. Afisa alisema ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake ya kusini inaongeza timu. Masasi walikuwamo tangu zamani, Mtwara na Lindi walikuwamo, Nachingwea pia. Msimu huo Newala tumepewa nafasi, na nafasi ikikataliwa haitarudi upesi. Shida yake ilikuwa moja tu. Hakumpata mwanamke anayeujua mchezo wenyewe, ila amesikia kwamba binti wa Karani alisoma shule ya bweni bara, na huko aliucheza.

"Aliucheza," Baba akasema. "Tena alikuwa nahodha."

Sikuwa nahodha. Nilikuwa mchezaji wa akiba, niliyeingia pale wenzangu walipotegua vifundo vya miguu.

"Sasa mzee, unadhani atakubali?"

"Atacheza. Nimeshasema."

Nilipoingia na chai, afisa alinyanyuka akanipa mkono kana kwamba tumeshapatana. Nilimtazama Baba, naye akatazama kikombe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi, na sasa nilikuwa nyumbani nikisubiri jibu. Kusubiri kule kulikuwa na kazi zake: kupalilia mikorosho, kupika, kuchota maji. Kila jioni nilihesabu siku ambazo barua ingeweza kuchukua kutoka huko hadi Newala, na kila jioni nikaiongezea wiki moja.

Baba naye alikuwa akisubiri. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, na mji mzima ulimjua kwa jina la kazi yake. Kisha likaja soko huria, wakati ule wa ruksa, wanunuzi binafsi wakaanza kuifuata korosho hadi vijijini na malori yao, na chama kikakosa cha kupima. Makarani waliambiwa warudi nyumbani hadi watakapoitwa. Wenzake walirudi mashambani. Baba aliendelea kupiga pasi shati lake kila asubuhi, akaenda kulifungua ghala tupu, akakaa kwenye meza ya mizani hadi saa tisa. Ufunguo hakuna aliyemdai. Mama alikuwa akimtazama akiondoka.

Kwa hiyo timu ikafanyia mazoezi ghalani. Ilikuwa sehemu pekee mjini yenye sakafu ya saruji iliyo kubwa kiasi hicho.

Tulianza wanawake saba. Walikuwamo walimu wawili wa shule ya msingi, mshonaji wa sokoni, mhudumu wa hospitali, msichana mmoja kutoka Chilangala aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake, mimi, na mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu, ambaye sote tulimwita Mama Mapacha. Hakuwa ameshika mpira tangu darasa la nne. Afisa alimwona bondeni akipandisha mlima na ndoo ya maji kichwani, shingo imenyooka, akamfuata hadi kwake kumwomba mumewe. Mume alikubali kwa sharti kwamba maji yasikosekane nyumbani. Mitambo ya kusukuma maji kutoka bondeni ilikuwa mibovu mwaka ule, na kila mwenye nyumba juu huku alishuka na kupanda. Mama Mapacha alishuka mara mbili kabla jua halijachomoza, ndipo akaja mazoezini.

Fundi chuma alitutengenezea magoli. Pete zenyewe alizikata kwenye pipa la mafuta, na pipa ni pana. Akazifunga kwenye nguzo fupi, kwa sababu nguzo ndefu zingegonga kenchi za paa. Ukirusha mpira juu, ulipiga mbao ukarudi na vumbi la miaka yote ya korosho. Basi tukajifunza kurusha chini chini, kama mtu anayetupa kitu dirishani. Mipira iliingia. Siku za mwanzo tulifunga sana, tukacheka sana, na Baba, ambaye afisa alimpa cheo cha meneja, alikaa kwenye meza ya mizani akiandika kila goli.

Mimi nilijua kwamba pete si saizi yake na kwamba goli halikuwa refu vya kutosha. Nilimwambia afisa. Akasema tuanze na tulicho nacho.

Kulikuwa na jambo jingine nililolijua na sikulisema kwa nguvu. Wenzangu wote walikuwa wamekulia kwenye mpira wa pete. Katika mpira wa pete ukishika mpira huondoki, unasimama pale pale ukitafuta wa kumpa. Niliwafundisha kudunda na kukimbia, nao walidunda vizuri mazoezini, wakati hakuna aliyekuwa akiwakimbilia.

Mechi ya kwanza ilikuwa Masasi. Tuliondoka alfajiri nyuma ya lori la halmashauri, tumekaa juu ya magunia matupu, tumefunga kanga juu ya sketi zetu fupi kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya macho ya watu. Tulipoteremka kutoka uwanda wetu wa juu joto lilitupokea, na ile milima ya mawe ya Masasi ikajitokeza mmoja mmoja. Mama Mapacha hakuwahi kufika huko. Aliuliza kama mawe yale hayajawahi kumwangukia mtu.

Uwanja wao ulikuwa wa wazi, umechorwa mistari myeupe, na magoli yalisimama juu kabisa. Msichana wa Chilangala aliyatazama akanigeukia.

"Dada, yale ndiyo magoli?"

"Ndiyo."

"Na yetu ni nini?"

Filimbi ilipulizwa.

Sikumbuki mechi ile yote, nakumbuka mikono. Kila mwenzangu aliyepata mpira aliganda. Aliushika kwa mikono miwili kifuani, miguu imeota mizizi pale pale, macho yanatafuta, na mwanamke wa Masasi akaja akauchukua mikononi mwake kama anayepokea mtoto. Mara ya kwanza watu walicheka, na baadaye hata kucheka wakaacha. Nilipiga kelele "Dunda, dunda," nao walinitazama kana kwamba nawaambia kwa Kireno. Tulipofanikiwa kurusha, mipira yetu ya chini chini ilifika nusu ya nguzo.

Mama Mapacha alikwenda kusimama chini ya goli lao, na pale alikaa. Mwamuzi akapuliza. Akampa mpira mpinzani. Mama Mapacha akarudi pale pale, mwamuzi akapuliza tena. Nikamweleza kwamba haruhusiwi kukaa mle ndani zaidi ya sekunde tatu.

"Sekunde tatu ni kiasi gani?"

"Hesabu moja, mbili, tatu, kisha utoke."

Kuanzia hapo alihesabu kwa sauti, kwa Kimakonde, akaingia na kutoka, akaingia na kutoka, hadi mwisho wa mchezo, wala hakuna aliyempa mpira hata mara moja. Tulipata pointi nne. Zote zilikuwa zangu, na mbili zilitokana na makosa yao. Za kwao sitazitaja.

Njiani kurudi Baba alikuwa mbele na dereva. Tulipoanza kupanda mlima nilimsikia akimweleza dereva kwamba mechi ya kwanza si mechi, ni darasa, na kwamba mechi ya pili itakuwa nyingine kabisa. Sauti yake ilikuwa changamfu. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu ghala libaki tupu.

Mechi ya pili haikuwa nyingine. Tulifungwa na Mtwara, tukafungwa na Nachingwea, tukaenda Lindi tukafungwa zaidi. Zote tulicheza ugenini, kwa sababu ghala halikukubaliwa kuwa uwanja. Kila baada ya wiki mbili tulipanda lori, tukateremka, tukafungwa, tukapanda. Kati ya safari moja na nyingine tulirudi mle ndani, kwenye bati linalochemka na harufu ya magunia, tukarusha mipira kwenye pete za pipa, na ikaingia yote. Nilianza kuichukia mipira iliyoingia.

Nilimwomba afisa anitoe. Nilimfuata ofisini kwake, nikamsalimu, nikamwambia sifai kuwa nahodha, wala sina faida kwa timu. Alikuwa mtu mpole. Alinieleza kanuni. Timu mpya ikijitoa katikati ya msimu, wilaya inafungiwa. Na tukiwa chini ya watano hatuwezi kuanza mechi, ambayo ni sawa na kujitoa. Mshonaji alikuwa ameshaacha, ana mimba, mama mkwe wake amekataa. Tulikuwa sita.

"Vumilia hadi msimu uishe," alisema. "Barua yako ya chuo ikija, hakuna atakayekuzuia. Mimi mwenyewe nitakusindikiza stendi."

Nikavumilia. Nilijiambia kwamba barua ndiyo mlango, na mlango ukifunguka nitatoka wakiwa sita, wakiwa watano, wakiwa wawili.

Barua zetu zilipitia sanduku la posta la chama cha ushirika, na Baba ndiye aliyekuwa akizichukua. Siku moja Mama alinituma posta kununua stempu. Karani wa pale, mama mmoja mtu wa Tandahimba aliyenifahamu tangu nikiwa mdogo, alinirudishia chenji akitabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona bado upo? Nilidhani umeshakwenda masomoni."

"Bado nasubiri barua."

Tabasamu lake likapungua. "Ile bahasha kubwa ya kahawia, yenye mhuri wa chuo. Baba yako aliichukua. Ilikuwa kabla hamjakwenda Nachingwea."

Nilishukuru, nikachukua stempu, nikatoka. Kutoka posta hadi ghalani ni mwendo mfupi. Niliutembea polepole sana, na njiani nikamtungia Baba visingizio vitatu au vinne. Pengine barua ilikuwa ya kunikatalia, akataka kunificha aibu. Kile ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Nilifika mlangoni nikiomba Mungu niwe nimekataliwa.

Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni na brashi na kopo la chokaa, anachora upya mstari wa pembeni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umewahi leo."

"Barua yangu iko wapi?"

Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchora hadi mstari ukafika ukutani. Akaweka brashi juu ya kopo, akafuta mikono, akaenda kwenye meza ya mizani, akavuta mtoto wa meza. Bahasha ilikuwa juu kabisa. Ilikuwa imefunguliwa kwa kisu, vizuri, bila kuchanika. Niliisoma nimesimama. Nilikuwa nimepokewa. Siku ya kuripoti ilikuwa imepita, si kwa siku nyingi, lakini ilikuwa imepita.

"Nilitaka kukupa tukirudi kutoka Nachingwea," alisema. "Halafu tukafungwa vibaya, kila mtu amekata tamaa. Nikasema nitakupa tukirudi kutoka Lindi."

"Na tuliporudi Lindi?"

"Tuliporudi Lindi zilibaki siku mbili. Usingewahi. Nikaona aibu."

"Kwa nini, Baba?"

Alikaa kwenye kiti chake. Nilimwona mzee ghafla, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu sikutaka kumwonea huruma.

"Ukiondoka wewe, timu imekufa," alisema. "Watu wameanza kunisalimia tena. Wananiuliza, Karani, Jumamosi mnacheza na nani? Muda mrefu hakuna aliyeniuliza kitu."

Nilikunja barua. Nilirudi posta, na yule mama akajaribu kunipigia simu chuoni. Laini ilikatika, akapiga tena, ikakatika. Nilikaa kwenye benchi tangu saa nne hadi baada ya adhuhuri. Mwishowe ikashika, na mwanamume mwenye haraka akaniambia nafasi imeshapewa mwingine, niombe tena mwakani. Nikamwuliza kama kuna njia yoyote. Akasema, "Binti, wenzako wameshaanza masomo," akakata.

Sikumwambia Baba neno kwa siku nyingi. Nilimpa shikamoo, kwa sababu shikamoo haikatwi, nikampa chakula, nikaondoka alipo. Mama alijua. Aliniambia mara moja tu, tukitwanga, kwamba angejua mapema angeichoma moto meza ile. Hakulirudia tena, na sikumwona akimgombeza mumewe. Nadhani naye alikuwa amechoka kumwona akikaa na ghala tupu, akawa hajui ampige upande gani.

Mazoezini sikwenda. Wiki ya kwanza msichana wa Chilangala alikuja kuniita, nikasema naumwa. Wiki ya pili akaja Mama Mapacha. Alitua ndoo yake mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa baraza bila kukaribishwa, akavuta pumzi.

"Habari ya barua nimeisikia," alisema. "Pole."

"Ahsante, Mama Mapacha."

"Ni jambo baya. Mzazi hafanyi hivyo."

Nilishangaa, maana kila mtu mwingine aliniambia mzazi ni mzazi. Nikaanza kulia, naye akaniacha nilie, akitazama njia.

"Sasa umeacha mpila?" Ile r mara nyingine ilimponyoka.

"Nimeacha."

"Ukiacha unakwenda wapi?"

Niliitazama ndoo yake.

"Mimi nikiacha, narudi kwenye ndoo hii moja kwa moja. Hakuna kingine. Zile saa mbili ghalani hakuna anayeniita. Mume haniiti, watoto hawaniiti. Nikienda Masasi ndiyo kabisa." Akanyanyuka, akaizungusha kanga yake kuwa kata ya kichwani, akainama kuchukua ndoo. "Tumebaki watano bila wewe, na mwalimu mmoja ameitwa semina. Jumamosi tunakwenda Masasi. Usipokuja, mimi sitoki juu huku mpaka sijui lini."

Aliposema "juu huku" alisema kama mtu anayezungumzia chumba. Nilikuwa nimedhani ni mimi peke yangu niliyepaona hivyo.

Nilikwenda. Si kwa ajili ya Baba, na nilitaka ajue. Nilipanda lori bila kumtazama, nikakaa kona ya nyuma. Tulikuwa watano kamili, hakuna hata mmoja wa akiba. Baba alipanda mbele na kitabu chake cha magoli.

Safari hiyo miguu ya wenzangu haikuota mizizi. Walikuwa wameshachoka kuogopa, nadhani, au kufungwa mara nyingi kulikuwa kumewazoesha. Msichana wa Chilangala alidunda mpira akapita watu wawili, akashangaa mwenyewe, akautupa nje. Tulifungwa nusu ya kwanza, ila kwa kiasi ambacho mtu anaweza kukitaja. Nusu ya pili tukaanza kukosa pumzi, na asiye na pumzi hushika watu kwa mikono. Msichana wa Chilangala akapata faulo ya tano, akatolewa. Tukabaki wanne. Dakika chache baadaye mhudumu wa hospitali aliruka, akatua vibaya, mguu ukapinda. Alijipima mwenyewe kwa vidole pale chini, akasema haujavunjika, lakini hatasimama. Tulimbeba hadi kwenye kivuli.

Tukawa watatu: mwalimu, Mama Mapacha na mimi. Mwamuzi alinijia na mpira kwapani.

"Nahodha, kanuni inawaruhusu kuendelea. Lakini si lazima. Mkiacha naandika mmeshindwa, basi. Mnasemaje?"

Niligeuka. Sijui kwa nini niligeuka upande ule. Baba alikuwa amesimama kwenye mstari, kitabu kimefungwa mkononi, na nilijua atakachosema. Angesema tunaendelea. Angesema ameshasema. Nilikuwa nimejiandaa kuacha ili tu nimpinge.

"Baba?"

Alifungua mdomo akaufunga. "Amua wewe," alisema.

Lilikuwa jambo dogo mno, na lilikuja limechelewa mno. Nilisimama pale jua la saa tisa likinipiga usoni, na mwanzoni sikuhisi kitu, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuulizwa. Nikamtazama mwamuzi, nikawatazama wale wawili. Mwalimu alikuwa ameinama, mikono magotini. Mama Mapacha alikuwa akijifunga upya kamba ya kiatu cha mtumba, taratibu, kama mwenye siku nzima.

"Tunaendelea," nikasema.

Watatu kwa watano ni kukimbizana na maji. Walifunga walivyotaka, hadi nahodha wao mwenyewe akawaambia wapunguze. Karibu na mwisho mpira ulinifikia katikati ya uwanja, nikamwona Mama Mapacha anaingia chini ya goli lao. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Nilimrushia juu, juu kabisa, mpira ambao kule ghalani ungepiga kenchi. Aliudaka, akaruka kidogo tu, kwa urefu wake hakuhitaji zaidi, akauweka kwenye pete kama anayetua kitu kwenye rafu. Ukazunguka, ukaingia.

Hakushangilia. Alitoka haraka nje ya eneo lile, akiogopa sekunde tatu. Watazamaji ndio walioshangilia, watu wa Masasi, waliotucheka mwezi ule wa kwanza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga alikuja baadaye akatugawia sinia zima, akakataa kulipwa.

Kwenye lori Baba hakukaa mbele. Alipanda nyuma pamoja nasi, kwa sababu mhudumu wa hospitali alihitaji kiti cha mbele kwa ajili ya mguu wake. Alikaa mbali nami. Tulipopita Chiwata kuchukua mzigo wa dereva, alivunja karanga akaweka kiganjani, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nilizichukua. Sikumsamehe siku ile, wala sidhani kama aliomba, lakini nilikuwa na njaa na karanga zilikuwa za moto bado.

Ushindi wetu wa kwanza na wa pekee ulikuja wiki ya mwisho, na ulikuwa wa mezani. Nachingwea, tuliopangiwa kukutana nao Masasi, waliharibikiwa gari, wakakosa kufika. Mwamuzi alitazama saa, akasubiri muda wa kanuni, akaandika kwamba Newala wameshinda. Tulisimama kwenye uwanja mtupu tumevaa tayari. Afisa alipiga makofi peke yake. Msichana wa Chilangala aliuliza kama sasa turudi tu nyumbani. Tukacheza sisi kwa sisi hadi dereva alipopiga honi.

Msimu wa korosho ulipofunguliwa, mnunuzi mmoja binafsi alilikodi ghala. Alihitaji karani wa mizani anayewajua wakulima, na wakulima wakamtajia Baba. Aliajiriwa siku hiyo hiyo. Nilipita pale asubuhi moja nikamkuta ameshika ngazi, fundi yuko juu anakata nguzo za magoli, na magunia yameshapangwa hadi kwenye mstari wa chokaa. Alikuwa na furaha. Hakuificha, wala sidhani alifikiri kwamba anapaswa kuificha.

"Timu itacheza wapi, Baba?"

"Zungumza na afisa," alisema. "Mimi sasa niko kazini."

Aliyenizuia nisiondoke akawa wa kwanza kuondoka. Nilisimama mlangoni nikitafuta hasira, nikapata uchovu. Mwaka uliofuata niliomba chuo tena, nikakosa. Vyuo vilikuwa vimeanza kutaka wazazi wachangie, na wanaosubiri walikuwa wengi. Nilipata kufundisha kwa muda shule ya msingi. Nilikaa Newala miaka mitano zaidi kabla sijapata njia.

Tulihamia kiwanja cha shule, kwenye mchanga mwekundu, mahali ambapo mpira ukidundwa unalala. Haikuwezekana kukimbia nao, ikabidi tupeane haraka, mkono kwa mkono, na hapo wenzangu wa mpira wa pete wakawa walimu wangu. Afisa aliomba magoli ya urefu wa kanuni, akayapata. Msimu wa pili tulishinda mechi mbili, zote uwanjani. Baada ya ile ya kwanza, dhidi ya Lindi, Mama Mapacha alikaa chini katikati ya uwanja, akanyoosha miguu, akasema hataki mtu amharakishe. Tukakaa naye. Dereva alipiga honi mara mbili, tatu, na hakuna aliyenyanyuka.